Tazama Chungu Kabla ya Kumlaumu Mama

Naanza na aibu ya nyumbani kwangu. Mtoto wetu wa pili aliachishwa ziwa akiwa na mwaka mmoja na nusu, maana mama yake alikuwa mja mzito tena. Tangu hapo akala tulichokula sisi: asubuhi chai ya rangi na muhogo wa kuchemsha, mchana muhogo wa nazi, jioni wali kwa mchuzi. Tumbo lilijaa, nasi tukaona ameshiba. Baada ya miezi michache miguu ikavimba, nywele zikawa nyepesi na nyekundu, hacheki wala hachezi. Majirani wakanong'ona kwamba mtoto amebemendwa. Mwajua neno hilo humwangukia nani. Mke wangu alilia, na mimi niliyesoma chuo cha ualimu nilinyamaza kimya.

Hospitalini walibonyeza miguu yote miwili kwa dole gumba, vishimo vikabaki. Wakatuuliza: huyu anakula nini?

Ugonjwa ule ni kwashakoo. Jina hilo limetoka Ghana, kwa watu wa kabila la Ga. Mganga mmoja mwanamke, Cicely Williams, aliyefanya kazi huko, alilitia katika vitabu vya waganga mwaka 1935. Maana yake ni ugonjwa wa mtoto anayeondolewa ziwani kwa kuja mdogo wake. Waganga wa leo wasema sababu zake ni zaidi ya moja, kuharisha kukiwemo, lakini chakula kisichojenga mwili kimo ndani yake. Mtoto aliyevimba miguu apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, asingojewe. Ninayoandika hapa ni ya kumkinga asifike huko.

Sasa tazama chungu. Gramu 100 za muhogo mbichi zina protini, yaani kile kijengacho mwili, gramu moja na kitu tu. Gramu 100 za chooko kavu zina kama 24, na kunde karibu sawa. Dagaa wakavu wana karibu nusu ya uzito wao, au zaidi. Mtu mzima wa kilo 60 ahitaji kama gramu 50 kwa siku. Akitafuta zote katika muhogo, itambidi ale zaidi ya kilo tatu! Mtoto tumbo lake ni dogo kama ngumi.

Wengi husema, nyama tutaipata wapi? Msimu wa karafuu fedha zipo, na nyama huonekana. Karafuu zikiisha, kwetu kila siku ni kama Ijumaa ya Kwaresima. Lakini hapa Pemba dagaa huchemshwa kwa chumvi, huanikwa juani, hutiwa magunia, huvuka bahari mpaka bara, na wengine hufika Kongo. Watoto wa Kongo wanajengwa miili kwa dagaa wa Zanzibar, wetu wanalamba mchuzi.

Nunua kidogo wakati wanapovuliwa kwa wingi, bei ikiwa chini. Waoshe chumvi na mchanga, waanike tena, wakaange pasipo mafuta, uwatwange kinuni na kuwachekecha. Kijiko kimoja cha unga huo katika uji au muhogo uliopondwa, harufu haimkeri mtoto.

Pili, mseto, chakula cha bibi zetu ambacho vijana hukidharau. Vibaba viwili vya mchele, kibaba kimoja cha chooko. Roweka chooko usiku kucha, kuni zitapungua. Mwaga maji yale, uchemshe mpaka zipasuke. Tia mchele na tui jepesi, mwisho tui zito. Mchele una upungufu ambao chooko huujaza, na chooko nazo hujazwa na mchele, hata vyote viwili vikamfaa mwili kuliko kimoja peke yake. Wa mtoto uponde uwe laini.

Tatu ni jambo la sisi akina baba. Kipande cha samaki huwekwa kwa baba, mayai huuzwa ili inunuliwe sukari, na mtoto hupewa mchuzi kana kwamba nguvu yote imeyeyukia humo. Haikuyeyuka, imo katika kipande. Kwangu siku hizi mtoto hupakuliwa kwanza, naye apewa mnofu uliochambuliwa miiba. Wiki ya kwanza, nakiri, niliona vigumu.

Yule mtoto alipona. Mwaka huu tumepanda kunde kati ya mistari ya muhogo: majani machanga twayala mboga, na zilizokauka zimetiwa katika chupa zenye vifuniko, pamoja na majivu kidogo, wadudu wasizitoboe. Chupa moja imekwisha.