Maneno ya furaha (4): Shangwe haipigwi na mtu mmoja

Kadiri Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027 linavyokaribia kuja Kenya, Tanzania na Uganda, neno shangwe limejaa magazetini. Kiwanja kikipandwa nyasi, shangwe. Kiongozi akishuka garini kukagua viti, kapokewa kwa shangwe. Mwenye duka naye katundika bango la "shangwe za punguzo la bei". Nalipenda mno neno hili, siwezi kuliona likichakazwa hivi nikanyamaza.

Raha na furaha, tulizokwisha kuzichambua, mtu anaweza kuwa nazo peke yake, kajilaza kitandani. Shangwe haikai moyoni. Ina sauti: makofi, vigelegele vya akina mama, mbinja, ngoma. Ndiyo maana hupigwa. Tena kitenzi chake, kushangilia, kimebeba ile kauli ya kutendea. Kinamwelekea mtu au jambo. Bibi harusi akitolewa, mwali akitoka ndani, vijana wakirudi jandoni, mtaa unashangilia kwa kuwa jambo ni la mtaa. Watafsiri wa Biblia iliyotoka mwaka 1952 walilijua hili: Zaburi ya 100 inafungua kwa kuitaka dunia yote ifanye shangwe.

Mfano nisiochoka kuutoa ni usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961, Tanganyika ilipopata uhuru. Oktoba 1959 Mwalimu Nyerere alisema katika Baraza la Kutunga Sheria kwamba tungependa kuuwasha mwenge juu ya Mlima Kilimanjaro. Miaka miwili ikapita. Usiku ule Luteni Alexander Nyirenda akaufikisha mwenge kileleni, pamoja na bendera ya Tanganyika. Huku Dar es Salaam, uwanjani, taa zilizimwa ilipotimu saa sita. Zilipowaka tena, bendera ya Mwingereza imekwisha shushwa, ya Tanganyika iko juu. Kilichosikika hapo ndicho shangwe. Wazee waliotozwa kodi ya kichwa, makuli wa bandarini, akina mama waliouza kadi za chama cha TANU nyumba kwa nyumba, wote walikuwa wamelingoja jambo moja, na likawafikia kwa dakika moja. Nani angewafundisha wakati wa kupiga kelele?

Sasa linganisha na umati uliosombwa kwa mabasi, ukagawiwa fulana, ukaashiriwa lini upige makofi. Mwandishi anayeyaita makofi hayo shangwe anawadanganya wasomaji wake, hata kama hakukusudia. Maneno yapo: aandike kwamba mgeni alipigiwa makofi, alipokewa kwa heshima, au kwa bashasha ikiwa kweli wenyeji walimkunjulia nyuso. Mwenye duka aandike punguzo, wateja watakuja vilevile. Mabao yatafungwa mwaka 2027, na siku hiyo watangazaji watalihitaji neno hili likiwa zima.

Wiki ijayo tutaingia kwenye vifijo na nderemo, vinavyotajwa pamoja kila mara hata wengi wakadhani ni kitu kimoja.