Pikipiki ikikata umeme njiani, usikimbilie kununua betri

SAA 10:30 alfajiri mchuuzi anaondoka Kayenze na magunia mawili ya dagaa wakavu nyuma ya bodaboda, akiwahi soko la Mwaloni, Kirumba jijini Mwanza. Katikati ya safari taa, honi na injini vinazima kwa mpigo. Dereva anatikisa ufunguo, umeme unarudi. Baada ya kilomita mbili unakata tena. Wingu limetanda ziwani, na dagaa wakilowa bei yao inashuka. Dereva naye anadaiwa hesabu ya siku na mwenye pikipiki.

Wananchi waliwahi kuuzoea mgawo wa umeme majumbani, lakini mgawo wa pikipiki una dawa. Kosa la wengi ni kununua betri mpya mara moja. Betri iliyokufa haifufuki kwa kutikiswa ufunguo. Umeme unaokatika na kurudi ni dalili ya mahali palipolegea, palipoingia kutu, au waya uliokatika ndani ya ganda lake.

Kwanza angalia kilichozima. Honi, indiketa na taa ya breki vikizima pamoja, kosa liko kwenye njia yao ya pamoja, yaani betri, fyuzi, swichi ya ufunguo au waya hasi unaofungwa kwenye fremu. Kikizima kimoja tu, kagua globu, swichi na waya za kifaa hicho. Taa kubwa isikupoteze, kwani katika pikipiki nyingi ndogo hupata umeme wa magneto, si wa betri.

Kagua kwa mpangilio

Zima pikipiki. Shika vichwa vya betri kwa mkono. Vikicheza au vikiwa na unga mweupe au kijani, fungua waya hasi kwanza, kisha chanya. Safisha kwa msasa, kaza, upake grisi kidogo. Wakati wa kurudisha, waya hasi uwe wa mwisho. Ufuate hadi unapofungwa kwenye fremu, nako usafishe kutu na rangi.

Toa fyuzi. Inaweza kuonekana nzima huku kishikio chake kimelegea au kimeungua. Usifunge waya mtupu au karatasi ya sigara badala ya fyuzi. Hitilafu ikitokea, waya zitaungua na pikipiki inaweza kuwaka moto.

Kisha washa swichi, bonyeza honi huku ukizungusha usukani kushoto na kulia. Sauti ikikatika, chunguza waya zinazopita shingoni mwa pikipiki, kwa sababu hapo hukunjwa kila siku. Tikisa ufunguo taratibu. Honi ikikatika, swichi imelika. Mwisho vuta kidogo kila soketi chini ya kiti, mahali ambapo uzito wa mizigo hubana waya.

Mita ya umeme husaidia. Betri ya volti 12 iliyojaa na iliyopumzika husoma kama 12.6. Injini ikipewa mafuta, isome kati ya 13.5 na 14.5. Isipopanda, chaji haifiki, hivyo kagua waya za magneto na regyuleta. Ikizidi 15, regyuleta ina kosa na itaiua hata betri mpya.

Yanayochangia

Maji ya Ziwa Victoria hayana chumvi kama ya bahari, lakini majimaji ya samaki wa chumvi yanayochuruzika kutoka kwenye matenga hula shaba haraka. Kuosha pikipiki kwa kumwagia maji kwenye swichi, barabara za makorongo, na waya za redio, taa za urembo au chaja ya simu zilizoungwa bila fyuzi huongeza matatizo. Kabla ya mvua za masika na za vuli, funga maungio yote kwa utepe wa umeme.

Ukishindwa, nenda kwa fundi umeme, ukimweleza vitu gani vilizima, na kama ilikuwa kwenye mvua, kwenye mashimo au wakati wa kukata kona. Kabla ya kulipia kifaa kipya, mwombe akuonyeshe mahali penye kosa. Akikuambia ni betri, apime mbele yako kwa mita.