Tusimtwike Apolo Kivebulaya mzigo usio wake

UKIKAA na walimu wa Kasese au Bwera na mazungumzo yakafika kwenye historia ya kanisa, jina la Apolo Kivebulaya halipiti bila ubishi. Wako wanaomwita mtakatifu, na Kanisa la Uingereza limemweka katika kalenda yake, tarehe 30 Mei. Lakini wako wengine, hasa vijana waliosoma, wanaosema alikuwa tarishi wa Waganda na Waingereza. Kwa maneno yao, mhubiri huyu alikuja magharibi na kitabu cha Kiganda kwapani, akafungua mlango ambao lugha za wengine ziliingilia na kukalia madhabahu zetu.

Mimi ni miongoni mwa wanaomtetea, na nitaeleza sababu.

Kwanza tuwatendee haki wanaomlaumu, maana uchungu wao una chanzo. Mkataba wa Tooro wa mwaka 1900 uliwaweka Wakonzo na Waamba chini ya ufalme wa Tooro. Kwa miaka mingi mtoto wa Kikonzo alifundishwa shuleni kwa Kitooro, akahubiriwa kwa Kitooro, na aliyetaka kazi ya karani au ukatekista ilimbidi aifiche lugha ya mama yake. Mwaka 1962 wajumbe wa Wakonzo na Waamba walipotoka katika baraza la Tooro na vuguvugu la Rwenzururu likaanza chini ya Isaya Mukirane, aliyekuwa mwalimu, yalikuwapo madai ya ardhi na madaraka, lakini lugha nayo ilikuwa kidonda.

Wazazi wangu walikuwa kati ya waliokimbilia Zaire katika vurugu zile. Nilisomea ng'ambo ya mto Lhubiriha, kwa Kiswahili na Kifaransa, kabla ya kurudi nyumbani kufundisha. Kwa hiyo sizungumzi kama mtu asiyejua maana ya kusoma kwa lugha ya kuazima.

Sasa tumtazame Apolo mwenyewe. Alizaliwa Buganda miaka ya 1860, akabatizwa mwaka 1895, na mwaka huohuo akaja Tooro kuwa mwalimu wa dini. Mwishoni mwa 1896 alikwenda Mboga, ng'ambo ya mto Semliki, mahali ambapo leo ni Kongo. Hakuwa na bunduki wala askari. Alipigwa na watu wa mtawala Tabaro hadi wakadhani amekufa. Baadaye, mwanamke wa ukoo wa mtawala alipoangukia mkuki kwa ajali na kufa, Apolo alisingiziwa mauaji, akaletwa Fort Portal na kutiwa gerezani. Alipoachiwa alirudi kulekule, na Tabaro mwenyewe akaja kubatizwa kwa jina la Paulo. Tarishi wa dola gani huyo anayepigwa na watawala na kufungwa na Waingereza?

Ni kweli kitabu alichokuwa nacho kilikuwa cha Kiganda. Lakini angechukua kipi kingine? Biblia nzima ya Kiganda ilikamilika mwaka 1896, kazi ya mmisionari George Pilkington pamoja na Henry Wright Duta Kitakule na Waganda wenzake. Toleo moja lilikuwa dogo kwa upana lakini nene mno, likapewa umbo la kuingia katika mkebe wa biskuti ili mchwa wasilile. Hicho ndicho kilichokuwa kimechapishwa. Cha Lhukonzo hakikuwapo, cha Kitooro hakikuwapo.

Tena tukumbuke kwamba Waganda wenyewe walianza na lugha ya kuazima. Wasomi wa kwanza wa Alexander Mackay, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1870, walijifunza Injili kwa Kiswahili, kwa kuwa Agano Jipya la Kiswahili cha Unguja la Askofu Edward Steere lilikuwa limetoka mwaka 1879 na la Kiganda lilikuwa bado. Hakuna anayewaita Waganda wale vibaraka wa Unguja. Walishika kilichokuwapo, kisha wakatengeneza chao.

Tatizo huanza pale kitabu cha kuazima kinapofanywa sheria. Ndani ya misheni ya CMS walikuwapo waliotaka Kiganda kiwe lugha moja ya kanisa lote. Hoja yao haikuwa ya kijinga: kuchapisha lugha moja ni rahisi, na kanisa lenye lugha moja huonekana kuwa na umoja. Watooro, pamoja na mfalme wao Daudi Kasagama, walitaka neno kwa lugha yao. Ndipo H. E. Maddox akafanya kazi ya tafsiri, na Biblia ya Kinyoro-Kitooro ikakamilika kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Watooro walishinda hoja yao. Cha kusikitisha ni kwamba ushindi huo haukuvuka mlima kuwafikia Wakonzo. Lugha iliyookolewa isimezwe na Kiganda ndiyo iliyokuja kutumika kuimeza Lhukonzo. Yaliyofanya hivyo ni mabaraza, ofisi na shule. Apolo hakuwa na mamlaka hayo.

Ushahidi mkubwa wa msimamo wake uko msituni. Mpaka uliochorwa na Waingereza na Wabelgiji mwaka 1910, uleule unaoitenganisha Bwera na Kasindi, uliiacha Mboga upande wa Kongo. Apolo alirudi huko, na kuanzia mwaka 1921 akaingia katika msitu wa Ituri kwa Wambuti, watu ambao majirani zao wengi waliwadharau. Angeweza kuwaambia wajifunze Kiganda kama yeye, au Kitooro, au Kiswahili kilichokwisha kuenea Kongo. Badala yake alikaa nao, akasikiliza usemi wao, na ikafanyika tafsiri ya Injili ya Marko kwa lugha yao. Mhubiri wa kueneza Kiganda asingejisumbua hivyo kwa ajili ya watu wachache wasiokuwa na mfalme wala ofisi.

Wako wanaoidharau hata kazi hiyo. Wanasema Apolo hakusomea taaluma ya lugha, na kwamba Wambuti husema lugha za wakulima walio jirani nao. Hayo ya pili ni kweli kwa kiasi kikubwa. Lakini swali la mhubiri halikuwa iwapo lugha ile ni ya Wambuti peke yao. Swali lilikuwa iwapo msikilizaji anaelewa anapoketi kando ya moto jioni. Kuhusu taaluma, Marko ndiyo Injili fupi kuliko zote, sura 16 tu, na mtu mwenye busara huanza na kile anachoweza kumaliza. Makosa ya tafsiri husahihishwa na wanaokuja nyuma. Kitabu kisichoandikwa hakisahihishwi na yeyote.

Nasema haya kwa sababu jambo hili si la makaburini. Tangu mwaka 1984 tuna Dayosisi ya South Rwenzori, na Lhukonzo inasikika madhabahuni bila woga. Tangu mwaka 2007 sera ya elimu inataka madarasa matatu ya mwanzo yafundishwe kwa lugha ya eneo. Sisi tuliokuwa wadogo sasa ndio wengi katika wilaya hii. Lakini Kasese ina Wasongora na Wanyabindi pia, na mpakani Bwera kuna familia zilizotoka pande zote mbili za mto. Mtoto wa Kisongora anapoketi darasani au kanisani mwetu, tunamsomea kwa lugha ya nani? Tukimjibu kwamba wengi ndio wanaoamua, tutakuwa tumerudia maneno tuliyoambiwa sisi na wazee wetu.

Katika kufundisha nimeona mtoto akikariri ukurasa mzima kwa sauti nzuri, na ukimwuliza umesema nini, anatazama chini. Muumini naye huweza kusema "Amina" miaka 20 kwa namna hiyohiyo.

Apolo alifariki Mboga tarehe 30 Mei 1933. Aliagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, kinyume na desturi ya kwao, kwa kuwa kazi iliyobaki ilikuwa huko. Viongozi wa makanisa yetu wasimame upande aliouelekea. Waanze na jambo dogo linalowezekana: somo moja la Jumapili lisomwe pia kwa lugha ya wachache waliopo ibadani, na wazee wao waombwe kusaidia kulitafsiri. Gharama yake ni karatasi na uvumilivu.