Kulipia Mti Uliosimama

Mkulima wa Hoima, magharibi mwa Uganda, akiuguliwa au shule ikidai ada, huutazama msitu wake. Mti wa mbao hupata mnunuzi upesi. Hiyo ndiyo akiba yake. Anayemwambia asikate anamzuia kuigusa, na ni haki amlipe.

Kati ya 2011 na 2013 jambo hilo lilijaribiwa Hoima na Kibaale, kwenye misitu ya watu binafsi inayotegemewa na sokwe. Mwenye msitu aliyetia saini mkataba wa kutokata alilipwa shilingi 70,000 za Uganda kwa hekta kwa mwaka, wakaguzi wakishapita na kuikuta miti yake. Miradi mingi humlipa mkulima kwa kazi: kachimba matuta, kapanda miche, hata kama miche hiyo imekauka mwezi uliofuata. Hapa kilicholipiwa ni mti wenyewe.

Sasa, mti unaweza kusimama hata bila malipo. Utajuaje kwamba fedha ndiyo iliyouokoa? Vijiji 121 vikapigiwa kura: 60 vikapata mpango, 61 vikabaki kama vilivyokuwa. Kisha picha za setilaiti zikalinganishwa. Miti ilipungua kotekote, ila vijiji visivyolipwa vilipoteza asilimia 9.1 ya eneo la miti, na vilivyolipwa asilimia 4.2. Matokeo hayo, ya watafiti walioongozwa na mchumi Seema Jayachandran, yalichapishwa 2017, na mimi nayaamini kwa sababu ya kura ile: hakuna aliyechagua vijiji vyenye watu wapole.

Lakini kuna hesabu nyingine inayonikaa moyoni. Kati ya wenye misitu 100 waliostahili, waliojiunga walikuwa kama 32. Wapo ambao habari haikuwafikia. Wapo waliohofia kwamba karatasi ile ya mkataba ni mlango wa kunyang'anywa ardhi, na kwa mtu aliyewahi kuona jirani akihamishwa kwa karatasi, hofu hiyo ina msingi.

Tena fedha ilitoka mwisho wa mwaka, ilhali mgonjwa anaweza kuanguka mwezi wa tatu. Ningependa mipango ijayo impe mkulima nafasi ya kukopa sehemu ya malipo yake katikati ya mwaka, dhamana ikiwa msitu ambao bado hajaukata.