Mwanafunzi, Ratiba na Bamvua

Watu wengi wanaposikia habari za Chuo Kikuu huwaza vitabu, mihadhara na mitihani. Mawazo hayo ni sahihi, lakini hayatoshi kueleza maisha ya mwanafunzi anayesoma sayansi za bahari katika chuo kilicho pwani. Mwanafunzi huyo ana mwalimu mwingine ambaye hakuandikwa katika orodha ya wahadhiri. Mwalimu huyo hamngojei aliyechelewa, wala harudii somo kwa ajili ya mtu. Ni bahari yenyewe.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria. Mwaka 1964 kilihamia Mlimani, na mwaka 1965 Kitivo cha Sayansi kikafunguliwa. Tarehe 1 Julai 1970 kikawa Chuo Kikuu kamili cha taifa. Kwa mafunzo ya bahari, wanafunzi wake wamekuwa wakipelekwa Kunduchi, kaskazini mwa jiji, mahali ambapo wavuvi huleta samaki wao nchi kavu na kisiwa cha Mbudya huonekana mbele. Mwaka 1978, mwaka mmoja baada ya kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati huo, Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo hicho ilianzishwa Unguja.

Vijana wanaofika kusoma masomo hayo hutoka kila pembe ya nchi. Yuko aliyezaliwa Mafia au Pemba, ambaye alijua kuogelea kabla ya kujua kusoma. Yuko pia aliyetoka Iringa au Dodoma, ambaye aliiona bahari kwa mara ya kwanza siku alipokuja kujiandikisha. Katika chumba kimoja cha bweni wawili hao huweza kuishi pamoja, wakigawana kitabu kimoja, kikokotoo kimoja na hata jozi moja ya viatu vya kukanyagia mwambani. Usiku wa mitihani mmoja humweleza mwenziwe logarithimu. Asubuhi ya mazoezi mwenziwe humwonyesha mahali pa kuweka mguu asichomwe na miiba ya wanyama wa mwambani. Hivyo kila mmoja ana lake la kumpa mwenziwe.

RATIBA MBILI

Taabu ya kwanza ya mwanafunzi huyo ni saa. Ratiba ya Chuo hujirudia kila baada ya siku 7. Ikiandikwa kwamba mazoezi ya vitendo ni Jumatatu saa nne asubuhi, yatakuwa hivyo mpaka mwisho wa muhula. Bahari haifuati hesabu hiyo.

Maji ya pwani yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa muda wa saa 24 na dakika 50 hivi. Sababu kubwa ni mvuto wa mwezi. Dunia hujizungusha mara moja kwa siku, lakini katika muda huo mwezi nao husogea mbele katika safari yake ya kuizunguka dunia. Kwa hiyo dunia hulazimika kuzunguka dakika 50 zaidi, kwa wastani, ili mahali palepale paelekeane na mwezi tena. Ndiyo sababu maji yaliyokupwa leo saa nne asubuhi yatakupwa kesho karibu na saa tano.

Hebu tufanye hesabu. Dakika 50 kwa siku 7 ni dakika 350, yaani saa 5 na dakika 50. Maji yaliyokupwa kabisa Jumatatu hii saa nne asubuhi, Jumatatu ijayo yatakupwa karibu na saa kumi jioni. Saa nne asubuhi ya siku hiyo, basi la Chuo litakapofika pwani, wanafunzi watakuta bahari imejaa mpaka kwenye mizizi ya miti. Ndoo, kamba na madaftari yao hayatakuwa na kazi. Lakini baada ya siku 14 maji yatakupwa tena asubuhi, karibu na saa tatu na robo. Kwa hiyo, mpangaji wa ratiba anayeijua bahari huweka mazoezi ya pwani kila baada ya wiki mbili, na zile wiki za katikati huziachia maabara na hadubini.

Wiki hizo mbili zina maana nyingine. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua, mwezi na dunia huwa karibu katika mstari mmoja. Mivuto ya jua na mwezi husaidiana, na siku moja au mbili baadaye maji hujaa sana na kupwa sana. Hilo ndilo bamvua. Mwezi ukiwa nusu, mivuto hiyo hupingana, na huja maji mafu. Katika pwani ya Dar es Salaam na Unguja, tofauti baina ya maji kujaa na kupwa huzidi meta 3 wakati wa bamvua, lakini huwa karibu na meta 1 tu wakati wa maji mafu. Kwa bahati njema, maji ya bamvua katika pwani hii hukupwa kabisa saa nne au saa tano hivi, asubuhi na usiku. Mwanafunzi hupata mwanga wa mchana wa kufanyia kazi yake, ijapokuwa jua nalo humchoma vilivyo.

HATARI YA SAA YA TATU

Siku ya mazoezi wanafunzi huamka mapema, hunywa uji, hupakia vifaa na kushika barabara ya Bagamoyo. Wakifika hufunga kamba kutoka alama ya juu ya maji mpaka ukingo wa maji yaliyokupwa. Kila baada ya meta 10 huweka fremu ya mraba yenye nusu meta kila upande, na kuhesabu kila kilichomo ndani yake: konokono, kaa, majani ya bahari, viti vya pweza na vinginevyo. Kazi hii huchosha mgongo, lakini ndani yake mna fundisho kubwa. Mwanafunzi akichora hesabu zake katika karatasi ya grafu, huona kwamba viumbe hawakutawanyika ovyo. Kila aina ina ukanda wake. Kwa kawaida mpaka wa juu wa ukanda huwekwa na joto na ukavu, na mpaka wa chini huwekwa na maadui na washindani.

Hapana budi kazi hiyo imalizike kwa wakati. Mabaharia wana kanuni ya kugawa maji katika sehemu 12. Katika saa ya kwanza baada ya kupwa, maji hupanda sehemu 1. Saa ya pili sehemu 2. Saa ya tatu 3. Saa ya nne 3. Saa ya tano 2. Na saa ya sita 1. Ikiwa jumla ya kupanda ni meta 3.6, basi katika saa ya kwanza maji hupanda sentimeta 30 tu, lakini katika saa ya tatu hupanda sentimeta 90. Katika pwani tambarare, ambayo hushuka meta 1 kwa kila meta 100 za mwendo, sentimeta 90 maana yake ni kwamba ukingo wa maji umesogea meta 90 kwa saa moja. Zaidi ya hayo, mara nyingi maji hupitia kwanza katika mikondo iliyo nyuma ya mtu asimamaye mwambani. Saa ya kwanza humdanganya mgeni akadhani bado ana nafasi, na saa ya tatu humkuta amezungukwa. Mwanafunzi mmoja akichelewa kwa sababu anataka kumaliza fremu ya mwisho, huwahatarisha na wenziwe watakaorudi kumtafuta.

MAJINA NA MAANA YAKE

Taabu ya pili ni lugha. Vitabu vya mwanafunzi vimeandikwa kwa Kiingereza, na majina ya viumbe kwa Kilatini. Lakini watu wanaoijua pwani kwa kuifanyia kazi, yaani wavuvi, wakata boriti na akina mama wanaokusanya chaza, hutumia Kiswahili. Mwanafunzi asiyeweza kuvuka kutoka lugha moja kwenda nyingine hupoteza nusu ya maktaba yake.

Tutazame mfano wa miti ya matopeni. Mgeni huona msitu mmoja wa mikoko. Mwenyeji huona mlilana ukisimama upande wa bahari, mkoko wenye mizizi ya magongo katika matope, mkandaa nyuma yake, na mchu ambao huvumilia hata ardhi yenye chumvi nyingi karibu na nchi kavu. Mtaalamu wa mimea huita miti hiyo Sonneratia, Rhizophora, Ceriops na Avicennia. Majina manne kwa manne, yanalingana kabisa. Waliotangulia waliipanga miti hiyo kwa kutazama gamba, mbao na mahali iotapo, na walipata mpango uleule wa wanasayansi.

Hata hivyo majina ya wenyeji hayalingani na ya kitaalamu kila mara. Jina changu hubeba aina nyingi za samaki ambazo mtaalamu huzitenganisha, kwa sababu hazikui kwa kasi moja wala hazizai katika umri mmoja. Anayetaka kujua kama changu wanapungua lazima kwanza aulize ni changu gani. Hapo sayansi humwongezea mvuvi kitu. Kwa hiyo mwanafunzi hana haki ya kudharau jina la mvuvi, wala hana haki ya kulipokea pasipo kulipima.

Vyombo vya kuvukia vipo. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo hichohicho ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Kinachohitajika ni mwanafunzi kuitumia kamusi anapoandika, badala ya kuiacha rafuni.

MWANI NA JOTO LA MAJI

Umuhimu wa mambo haya huonekana wazi katika habari za mwani. Zamani mwani wa mwitu ulikusanywa pwani na kuuzwa nchi za nje, mpaka ukapungua. Katika miaka ya 1970 mtaalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Keto Mshigeni, aliyepata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Hawaii, alichunguza mwani wa pwani yetu na kueleza uwezekano wa kuulima. Mwaka 1989 kilimo cha biashara kilianza katika pwani ya mashariki ya Unguja, Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino.

Wakulima walio wengi ni wanawake. Hupigilia vijiti mchangani, hufunga kamba baina yake, na kuning'iniza vipande vya mwani katika kamba hizo. Kazi hiyo hufanyika maji yakipwa sana, na kwa sababu hiyo wakulima hawahesabu kazi yao kwa wiki bali kwa bamvua. Bamvua moja hupanda, jingine huvuna. Ratiba ambayo mwanafunzi huiona ngumu, wao wanaishi kwayo.

Mwani hupandwa wa aina mbili. Spinosamu ni sugu, lakini bei yake ni ndogo. Kotoni huleta bei kubwa zaidi, kwa sababu karajinani yake, ile dutu inayogandisha vyakula na dawa, huganda kwa nguvu zaidi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kotoni imekuwa ikifa katika sehemu nyingi za Unguja. Matawi hupauka, hulainika na kukatika.

Chanzo kimoja kikubwa ni joto. Wakati wa kusi, maji ya bahari yetu hupoa mpaka karibu na digrii 25 au 26 za sentigredi. Mwishoni mwa kaskazi hufika 29 au 30. Hiyo ni bahari ya wazi. Ndani ya mwamba, maji yenye kina cha magoti huchomwa na jua la mchana na hupita kiwango hicho. Mwani uliodhoofika kwa joto hushambuliwa na vijidudu kwa urahisi. Kadiri bahari za dunia zinavyozidi kupata joto, ndivyo siku hizo mbaya zinavyoongezeka.

Wataalamu wamejaribu kuhamishia kotoni katika maji ya kina kirefu, ambako joto halibadiliki sana, na wametengeneza nyavu za mirija ili mwani using'olewe na mawimbi. Katika bahari ufumbuzi huo unafaa. Lakini kina kirefu huhitaji chombo na kujua kuogelea, na wanawake wengi waliozoea kulima kwa miguu hawana kimoja wala cha pili. Hivyo tatizo lililoanza katika kipimajoto limefika katika umiliki wa mashua. Mwanafunzi aliyepima joto peke yake atakuwa amejibu nusu ya swali.

WAJIBU WA MWANAFUNZI

Kila mwaka wanafunzi hupima joto, chumvi na idadi ya viumbe katika pwani zetu. Ripoti zao husahihishwa, hupewa alama, kisha huwekwa kabatini. Mama wa Jambiani aliyesimama karibu nao majini, na aliyewaeleza ni wapi mwani hufa kwanza, mara nyingi hapati kujua walichokiona.

Jambo hili linaweza kurekebishwa bila fedha nyingi. Kila ripoti ya mazoezi ingeweza kufuatana na ukurasa mmoja wa Kiswahili, wenye hesabu chache na maana yake, ukasomwa mbele ya wanakijiji katika bamvua linalofuata. Wenyeji wangesahihisha yaliyokosewa, na mwanafunzi angejifunza kama anaielewa kweli kazi yake, kwa maana asiyeweza kulieleza jambo kwa lugha ya nyumbani kwake bado hajalijua vizuri.

Chuo kilichojengwa pwani kimepata maabara ambayo vyuo vingi havina. Maabara hiyo hufunguliwa na kufungwa na mwezi, na walioitangulia kuitumia ni wavuvi na wakulima wa mwani. Mwanafunzi anayeingia humo na aingie kwa adabu, apime kwa makini, atoke kabla ya saa ya tatu, na bamvua lijalo arudi na majibu.