Kuutuliza Mkono wa Hadubini

Hadubini waliyoibuni Gerd Binnig, Calvin Quate na Christoph Gerber mwaka 1986 haitazami kwa lenzi, hupapasa. Ncha kali hubebwa na mkono mwembamba wa silikoni, na kwa kawaida leza hupima jinsi mkono huo unavyopinda ncha inapovutwa au kusukumwa na atomu zilizo chini yake. Mwaka 2004, watafiti wa IBM huko California walitumia mkono wa aina hiyo kunasa nguvu ya sumaku ya elektroni moja.

Kwa kazi nyeti kiasi hicho, mkono hutakiwa upoteze nishati polepole mno, na hapo ndipo penye kazi. Chukua mkono unaotetema mara 5,000 kwa sekunde, wenye kipimo cha ubora, yaani kipimo cha jinsi nishati inavyopotea polepole, cha 50,000. Ukishtuliwa, hupita zaidi ya sekunde 3 ndipo mtetemo upungue hadi kama theluthi. Kwa kusubiri hivyo katika kila nukta, picha ya nukta 10,000 ingekula karibu saa tisa.

Dawa yake ni mrejesho: mwendo wa mkono hupimwa, kisha nguvu ndogo huurudisha nyuma, kama mtu anayesimamisha bembea. Wakati ndio kila kitu. Ukichelewa nusu mzunguko, unauchochea mtetemo badala ya kuutuliza, na kwa mkono wetu nusu mzunguko ni maikrosekunde 100 tu. Kompyuta ya kawaida, inayofanya kazi nyingi kwa zamu, haitegemeki hapo. Ndiyo maana maabara hutumia chipu zinazopangika, ambazo kampuni ya Xilinx ilianza kuziuza mwaka 1985. Mtumiaji hupanga saketi zenyewe, nazo hukokotoa sambamba bila kungoja zamu. Akitaka kuchuja ishara kwa njia nyingine, huandika maelekezo mapya. Hagusi chuma cha kulehemu.

Mwaka 2007 kundi la IBM lilitumia mrejesho kuutuliza mtetemo mkuu wa mkono wao kutoka halijoto ya kelvini 2.2 hadi milikelvini 2.9. Ni kazi ya kusifiwa, lakini isisomwe vibaya. Mrejesho hupunguza kelele ya joto na ishara inayotafutwa kwa pamoja, hivyo nguvu iliyofichwa na kelele hiyo haifichuki kwa sababu yake. Faida yake ni kasi na utulivu. Anayetaka usikivu zaidi anunue kwanza mkono bora, kidhibiti cha mrejesho kifuate.