Chura wa Kwetu, Mvamizi wa Kwingine
Masika yakishika Chamazi, madimbwi hukoroma usiku. Mkoromaji ni chura aitwaye kitaalamu Sclerophrys gutturalis, mwenyeji wa kwetu na wa Durban pia. Mwaka 1922 alipelekwa Mauritius ale mende waharibifu wa miwa. Mwaka 2000 akaonekana Constantia, Cape Town: Afrika Kusini ileile, lakini nje ya makazi yake ya asili.

Huko yuko mwenyeji aliye hatarini kutoweka, Sclerophrys pantherina, anayefanana naye mno. Amwindaye mgeni aweza kumwua mwenyeji! Basi na atazame mapaja: ya mgeni yana wekundu. Tena mwenyeji huzaliana yapata Agosti na Septemba. Akoromaye bwawani Desemba yaelekea ni mgeni.